Tulivyoteremka Nyeri Kupimwa Mioyo

Kilichotutoa nyumbani ni kuanguka kwa kaka yangu Mutuma. Alikuwa amesimama kando ya mashine ya kuvuna ngano, hapa kwetu Timau, akipiga gumzo na dereva, mara akaenda chini bila hata kunyoosha mkono wa kujikinga. Wenzake walimbonyeza kifua mpaka akapumua, wakamkimbiza Nanyuki, na kutoka huko akapelekwa Nairobi. Madaktari wakagundua kwamba nyama ya moyo wake imenenepa kupita kiasi. Walimwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, kinachoushtua moyo ukipoteza mwendo. Kisha wakasema neno lililotunyima usingizi: ugonjwa huu hutembea katika damu ya familia. Kila aliyezaliwa pamoja naye, na ndugu wa baba yake walio hai, waende wapimwe.

Baba yetu alianguka vivyo hivyo. Nilikuwa darasa la sita. Asubuhi alikunywa uji, akajitwika gunia la mbegu, akatoka kwenda shambani na hakufika. Siku zile hakuna aliyetaja moyo. Kwenye matanga, Baba Mdogo Gikunda, ndugu wa marehemu, alisimama mbele ya watu akauliza, "Ule uji ulipikwa na nani?" Hakusema zaidi, na hakuhitaji kusema zaidi. Tangu siku hiyo ukoo wa baba haukula tena chochote kilichopikwa na Mama. Harusi zilipita, ubatizo ukapita, na Mama hakualikwa. Alitulea mimi na Mutuma huku akisalimiwa kwa mbali, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Basi niliposikia kwamba hospitali moja ya Nyeri imepata daktari wake wa moyo, wa kukaa pale pale na si wa kuja mara moja moja kutoka Nairobi, nilipiga simu tukapangiwa siku. Mutuma angekaguliwa kifaa chake, na mimi ningepimwa. Ulibaki upande wa baba, na huko hakuna ambaye angetangulia kabla ya Baba Mdogo. Nilimwendea nikiwa tayari kukataliwa.

"Mama yako atakuwa kwa hiyo gari?" aliniuliza.

"Atakuwa. Daktari anataka asikie kutoka kwake vile Baba alikufa."

Alichokonoa udongo kwa fimbo yake, muda mrefu. "Basi mimi nitakaa mbele," akasema.

Asubuhi ya safari, Timau ilikuwa na ile baridi yake ya kukata masikio. Jirani yetu alikuwa ametuazima gari dogo, na dereva nilikuwa mimi, kwa sababu Mutuma amekatazwa usukani mpaka daktari aseme vingine. Mama alikaa nyuma na Mutuma, amevaa koti lake la kanisani. Baba Mdogo alifika akamsalimia Mutuma, akanisalimia mimi, kisha akaeleza kioo cha mbele kwamba inaonekana mvua haitanyesha. Mama akajibu, kwa upole tu, kwamba ni kweli haitanyesha. Tukaondoka, mashamba ya ngano yakiwa yamebaki mabua matupu, na vibanda vya plastiki vya kukuzia maua vikimeremeta kwenye jua la kwanza.

Nanyuki tulisimama kuweka mafuta. Mama alimimina chai ya chupa akatugawia. Kikombe cha nne alikimimina pia, akakishika mkononi kidogo, halafu akakinywa mwenyewe. Baba Mdogo alikuwa ameshateremka, akaenda kujinunulia chai kwenye kibanda cha pembeni. Tulipita bango la ikweta, pale wageni hupanga foleni kupiga picha, na Mutuma akasema, "Hapa ndio wanasema dunia imegawanywa mara mbili." Nilitamani angechagua mzaha mwingine.

Tulipokaribia Naro Moru, mlima ulijitokeza wote upande wa kushoto, theluji kidogo kileleni, bila hata utepe wa wingu. Ni hapo Baba Mdogo alipogeuza kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mutuma, hiyo siku ulianguka, ulisikia nini?"

"Hakuna kitu, Baba Mdogo. Ni kama mtu amezima stima. Nilikuwa naongea, halafu nikaamka watu wakilia juu yangu."

"Hakuna uchungu?" Aliyeuliza safari hii ni Mama.

"Hakuna, Mama. Hata kidogo."

Nilimtazama kwenye kioo. Aligeukia dirisha, akafunga macho, na mabega yake yakashuka. Nilielewa kwamba hakuwa akimuulizia Mutuma. Miaka hiyo yote alikuwa akiwaza jinsi mumewe alivyoteseka peke yake kwenye njia ya shamba.

Mchana tuliingia Nyeri na kwenda moja kwa moja Ruring'u, kwa rafiki yangu Zuhura, ambaye nilisoma naye chuo cha ualimu. Familia yake ni Waislamu wa Nyeri tangu enzi za babu yake, na nyumba yao haijui mgeni wa kula haraka. Nilikuwa nimemwambia tunakuja hospitali. Habari za uji sikuwa nimemwambia.

"Karibuni, karibuni! Mama, pole na safari. Mzee, karibu ndani, viatu wacha tu hapo."

Aliweka sinia moja kubwa la pilau katikati ya mkeka na kutunawisha mikono. Nilipoona sinia ni moja, nilimgeukia Baba Mdogo. Baba Mdogo aliutazama wali, akamtazama Mama aliyeketi upande wa pili, akamtazama mwenye nyumba.

"Mzee, hupendi pilau?" Zuhura akauliza kwa wasiwasi.

"Napenda," alisema Baba Mdogo. "Napenda sana."

Akanyoosha mkono. Walikula kutoka sinia moja, kila mmoja akichimba upande wake, na Zuhura akasifu tu kwamba watu wa Timau wanakula kwa heshima, bila kelele.

Kesho yake asubuhi tulifika hospitali mapema, lakini mabenchi ya kliniki ya moyo yalikuwa yamejaa. Nilitegemea kukuta huzuni. Badala yake nilikuta maputo mlangoni na keki juu ya meza ya kupimia presha. Sista Muthoni, aliyeiongoza kliniki hiyo tangu ilipokuwa chumba kimoja na kitanda kimoja, alikuwa akistaafu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Wauguzi waliimba, wagonjwa wakaitikia kutoka kwenye mabenchi, na Sista akajaribu kuhutubia huku akipangusa miwani.

"Mimi narudi kwangu Giakanja, niko na ng'ombe na majani chai, msinionee huruma," alisema. "Mnajua vile tumekuwa tukiwaambia mngoje daktari wa Nairobi, au mwende huko. Sasa huyu hapa, Daktari Wambui, amekuja kukaa. Na kiti yangu nimeachia Bwana Kariuki. Yeye nimemfundisha mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Lakini bibi mmoja mbele yetu, aliyevaa leso mbili juu ya sweta, hakuridhika.

"Huyu Kariuki ataweza kunishika mkono nikidungwa sindano?"

"Ataweza, cucu," Sista alimjibu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Aje anishike nione."

Bwana Kariuki, muuguzi mwenye mwili mkubwa na aibu nyingi, alikuja akamshika mkono mbele ya kliniki nzima. Bibi aliupima mshiko ule kama anayenunua kuku. "Mkono iko moto," akasema, na kicheko kilienea benchi hadi benchi. Hata Mama alicheka. Ndipo tukapewa keki, na mimi nikala yangu nikiwa na hofu ndogo kuliko ile niliyoingia nayo.

Nilipoitwa, nililala ubavu kwenye kitanda chembamba. Walinibandika vidude vya nyaya kifuani kwanza, kisha Daktari Wambui akanipaka jeli baridi na kuanza kutembeza kipimo chini ya titi langu la kushoto. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa huko huko. Aliwasha sauti, nikausikia moyo wangu ukifoka na kuvuta kama mtu anayefua nguo. Nilimfikiria binti yangu Makena, anayecheza mpira wa wavu shuleni. Kama mimi nina ugonjwa huu, naye huenda anao. Nilikodolea uso wa daktari macho nikitafuta habari, nao haukusema chochote.

"Vaa," aliniambia. "Nitawaita wote pamoja."

Mutuma na Baba Mdogo walipomaliza kupimwa, tuliingia wanne katika chumba chake. Sista Muthoni alisimama mlangoni akiwa bado na ua la sherehe kifuani.

"Nkatha, moyo wako ni mzuri," daktari alianza. "Tutakupima tena baada ya muda, kwa sababu hii kitu wakati mwingine huchelewa kujitokeza. Lakini leo nenda nyumbani na amani. Mutuma, kifaa chako kinafanya kazi vizuri. Meza dawa, usibebe gunia, na usukani bado ungoje." Kisha akamgeukia Baba Mdogo. "Mzee, wewe uko nayo."

Baba Mdogo alishika ncha ya fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ni ile ile ya Mutuma, lakini kwako ni kidogo. Tutaitunza na vidonge. Si ya kukuua leo. Umewahi kusikia kizunguzungu?"

"Nikipanda mlima. Nilifikiria ni uzee."

Daktari akamwomba Mama aeleze jinsi Baba alivyokufa. Mama aliweka mikono juu ya mapaja. Alieleza polepole, tangu Baba alivyoamka, alivyocheka na sisi, uji, gunia, na jinsi mtoto wa jirani alivyokuja akikimbia. Alipofika kwenye uji alirudi nyuma, akaanza upya. Sikuwa nimewahi kumsikia akiyasema hayo.

"Alitapika? Alilalamika tumbo?"

"Hapana. Hakuwa na shida yoyote. Alienda akiimba."

Daktari Wambui aliweka kalamu chini. "Mama, siwezi kumpima mtu amezikwa. Lakini baba alianguka ghafla akibeba mzigo, mtoto wake akaanguka ghafla, na leo ndugu yake nimemkuta na moyo huo huo. Mimi sina shaka. Mzee wako aliuawa na moyo wake."

"Si kitu alikunywa?" Mama aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Si kitu alikunywa. Uji haifanyi hivyo."

Mama hakulia. Alivuta pumzi, akaitoa, na Sista Muthoni, ambaye nadhani amewahi kuona mengi katika chumba kile, akaja akamwekea mkono mgongoni bila kuuliza. Baba Mdogo alikuwa akitazama sakafu.

Tulirudi siku hiyo hiyo, baada ya Zuhura kutufungia maandazi ya njiani. Kufika kwenye gari, Baba Mdogo alifungua mlango wa mbele, akasita, akamwambia Mutuma, "Kaa wewe mbele. Mimi nitakaa na mama yenu." Kutoka Nyeri hadi Kiganjo hawakusemezana. Naro Moru, tuliposimama kununua karoti barabarani, ndipo nilipomsikia nyuma yangu.

"Mama Mutuma."

"Naam."

"Nilikuwa nimeshtuka. Ndugu yangu alikuwa mzima jana yake, halafu amelala kwa sanduku ya mbao. Nilitafuta mtu wa kuwekea hiyo uchungu. Nikakuwekea wewe."

Yule muuza karoti alisimama dirishani na chenji yangu, na hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

"Uliniwekea nikiwa na watoto wadogo, Gikunda," alisema Mama. "Ilikuwa nzito."

"Najua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hukunisema mimi na wewe peke yetu. Ulisema mbele ya watu."

"Basi nitasema mbele ya watu," alijibu.

Na alisema. Jumapili iliyofuata aliwaita wote wa ukoo nyumbani kwake, wanawe, wajukuu, na shangazi zangu wawili. Tulipofika na Mama, mazungumzo yalizimika. Baba Mdogo alisimama, akavua kofia, akasema kwamba alimsingizia mke wa ndugu yake, kwamba kilichomuua ndugu yake sasa anacho yeye mwenyewe kifuani, na kwamba daktari amemwonyesha kwenye skrini. Kisha akasema yeye maneno ya hospitali hayawezi, ila Mama anaweza, na akampa nafasi.

Mama aliongea mbele ya watu ambao hawakuwa wamemwita jina lake kwa miaka mingi. Aliwaeleza moyo unavyonenepa na kwa nini mtu anaweza kuanguka akiwa na afya njema. Aliwaambia hakuna aibu, dawa ipo, na Nyeri si mbali. Shangazi mkubwa alilia mapema, na alipoulizwa nani ataenda kliniki ijayo, mikono iliinuka mmoja baada ya mwingine, ya wakubwa na ya watoto wao.

Nimejifunza kwenye safari hii kwamba hofu isiyo na jina hutafuta mtu wa kumkalia, na kwamba jina lake, hata likiwa jina la ugonjwa, linaweza kumwondolea mtu mzigo. Nilimwambia Mama hivyo tukirudi nyumbani jioni ile, kwa maneno yangu ya kialimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Nyinyi mlienda kupimwa," alisema. "Mimi ndiye niliyepona."