Ufito wa Mama

Juzi nilipita kwenye nasari ya zamani ya watoto wa shamba la chai, nikakuta ukuta unapakwa rangi upya.

Alasiri ile ya utotoni, harufu hiyohiyo ya rangi ilijaa chumba chetu cha kuchezea, huku kiwanda kikinguruma ng'ambo ya bonde. Mchoraji aliyeletwa kupamba ukuta alikuwa mgeni kutoka Fort Ternan, mtu wa kuchekacheka, na mimi sikumwamini. Alitupanga ukutani ili atuchore tulivyo. Kisha akaazima ufito wa mama yangu, aliyekuwa amekuja kumnyonyesha mdogo wangu.

Ufito ule niliujua. Mama aliulaza juu ya michai, na kila jani lililochomoza juu yake alilichuna na kulitupa kikapuni. Sasa mgeni alikuwa anaulaza juu ya vichwa vya watoto, anaweka alama ukutani. Nikauona mkoba wake pale mlangoni: mkubwa, na mtupu.

"Simama vizuri, wewe msichana," aliniambia.

Nikakunja magoti polepole, ili hata nywele zangu zisiguse ufito.

"Haya basi, kaa hivyo hivyo," akasema, akacheka.

Juzi rangi mpya ilikuwa haijafika kona yetu. Pale ukutani wenzangu walikuwa bado wamesimama, wamenyooka. Mwisho wa mstari, msichana mmoja amechutama, anamwangalia mchoraji kwa jicho baya.

Kijana wa rangi alikuja na brashi iliyofungwa kwenye mti mrefu, akauinua juu yangu.

"Mama, sogea kidogo."

Kabla sijafikiri, magoti yangu yalikuwa yameshakunjika.