Mlio wa Kila Sekunde kwenye Redio ya Zahanati

Kifaa changu cha kunasa mawimbi ya redio ni kidogo kama kidole gumba. Unakichomeka kwenye laptop kama flashi, unakiunga antena, na kazi nyingine yote inafanywa na programu. Kwenye kioo cha laptop kila anayerusha mawimbi anaonekana: stesheni za FM ni mistari minene isiyokatika, na redio za walinzi wa mashamba ya miwa ni michirizi inayotokea na kupotea. Sikusomea haya. Niliishia darasa la saba, ufundi nikajifunza kwa kufungua vilivyoharibika, na maelezo ya ile programu niliyasoma kwa kamusi, neno moja moja, masika mawili mfululizo.

Katika kibanda changu cha Kibaoni ninayo kaunta buku ambamo nimeiandika hewa ya Ifakara saa kwa saa. Siandiki watu wanasema nini. Naandika mawimbi yako wapi, yana nguvu kiasi gani, na kelele ipi haitoki kwa mtu.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne aliingia mkunga wa zahanati ya kijiji kilicho nyuma ya Mkula, kule milima inakokata mtandao wa simu. Kwao, ukitaka kupiga simu unapanda kichuguu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada. Habari za huko?"

"Mbaya. Ijumaa watu wa wilaya wanakuja kuing'oa redio koli yangu, ile ya kuitia gari la wagonjwa."

"Imekufa?"

"Ingekufa ningenyamaza. Inafanya tak, tak, tak, kama mtu ananisonya. Mimi naongea, wakinijibu siwasikii."

Wiki iliyotangulia alikuwa ameita gari la wagonjwa kwa ajili ya mama aliyekuwa akitoka damu nyingi. Hakusikia jibu, hivyo hakujua kama gari linakuja. Akampakia mgonjwa kwenye bodaboda, akapanda nyuma kumshikilia, na njiani wakakutana na gari likija kuwachukua. Mama alinusurika. Fundi wa ofisi ya wilaya alikuja baadaye, akaifungua redio, akaandika kwamba imechakaa. Wataichukua, na nyingine itakuja lini, hakuna aliyesema.

Jumanne asubuhi nilikuwa zahanati na laptop, betri, na antena niliyoitengeneza kwa mianzi na waya wa shaba, yenye tabia ya kusikia zaidi upande inaoelekezwa. Niliiweka redio kando, nikasikiliza kwa kifaa changu. Mlio ulikuwepo: pigo moja kila baada ya sekunde moja na kidogo, limetanda kioo kizima kama mstari wa rula. Kwa hiyo redio ilikuwa nzima. Kelele ilikuwa nje, hewani.

Kijiji kizima kilikuwa kimeshamhukumu mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilikaa mlangoni kwake na laptop magotini na antena mkononi.

"Mnapima ushuru siku hizi kwa mianzi?" aliniuliza.

"Napima kelele. Naomba uzime mashine dakika tano."

"Nikizima, hawa akina mama wenye magunia utawakobolea wewe kwa meno?"

Wale akina mama walicheka, lakini alizima. Mlio uliendelea vilevile, pigo kwa pigo. Nilimwonyesha kioo, nikaandika saa, naye akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Mmeona? Na mniombe radhi mmoja mmoja."

Baada ya hapo nilizunguka kijiji na antena. Kila kituo niliigeuza polepole hadi mlio ufike kileleni, nikachora mstari kwenye daftari kuelekea huko. Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kama navua perege angani. Mistari mitatu ya kwanza ilikutana kwenye mashamba ya mpunga yaliyo chini ya msitu. Niliongeza wa nne kwa sababu mitatu inaweza kudanganya. Nao ulipita palepale.

Palikuwa na uzio wa umeme. Kikundi cha wakulima kiliujenga kuzuia tembo, ukiwa na mashine ndogo ya sola inayotuma pigo la umeme kwenye waya kila baada ya sekunde moja na kidogo. Kila waya ulikuwa umefungwa kwenye nguzo kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mipira ile niliona cheche za buluu zikirukia kwenye mti mbichi wa nguzo. Kila cheche ni kirusha mawimbi kidogo, na nguzo zilikuwa nyingi.

Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mpira ndio unavujisha?"

"Ndiyo, mzee. Mpira mweusi umechanganywa na masizi. Umeme mdogo haupiti, lakini huu mkubwa, tena kwenye maji, unapita."

"Basi, mwanangu, nikukumbushe. Mimi nilikuja kwako Kibaoni kuuliza tufungie nini. Hukuinua hata kichwa. Ulisema, fungeni mpira, mpira haupitishi umeme."

Nilikumbuka. Miaka ya nyuma nilikuwa nimepima mpira kwa testa, na sindano haikutikisika. Testa ina betri ndogo. Uzio una volti maelfu. Nililisema jambo nililolipima nusu. Nilifungua kaunta buku mbele yake, nikaandika chanzo cha kelele, na chini yake nikaandika: ushauri ulikuwa wangu.

"Hilo nalo unaliandika?" aliuliza.

"Ndilo la kwanza kuandikwa."

Alikataa kuzima uzio wote, kwa kuwa mpunga ulikuwa umekaribia kukomaa na tembo hawasubiri. Tulikubaliana kwenda kipande kwa kipande, mchana tu. Jumatano na Alhamisi wanakikundi walikata madumu ya plastiki ya mafuta ya kula kuwa vipande, nasi tukavifunga mahali pa mipira, nguzo baada ya nguzo. Nilichomeka laptop kila baada ya nguzo kumi. Mstari ulipungua, ukafifia, na Alhamisi saa kumi jioni ukatoweka kabisa.

Ijumaa afisa wa wilaya alifika na dereva aliyeshika spana. Mkunga aliwaambia wasubiri, akashika redio, akaita hospitali ya mjini kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Jibu likaja safi. "Dada, usipige kelele. Sisi tunakusikia siku zote."

Alikaa kwenye kiti. Afisa aliomba aite tena, akaita, akajibiwa tena. Nilimwonyesha afisa kurasa zangu: saa, mahali, mistari minne, na lile kosa. Alizisoma zote, pamoja na kosa, kisha akauliza nilisoma chuo gani. Nilimwambia kibanda changu kiko Kibaoni.

Nimetengeneza redio nyingi maishani. Hii sikuigusa hata skrubu, na ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Afisa alimwambia dereva arudishe spana kwenye gari, halafu wote wawili wakalazimika kusubiri kivulini, maana mkunga alikuwa bado hewani, akiagiza glovu, gesi ya friji ya chanjo, na kuuliza hali ya yule mama aliyetoka damu.