Mkaratusi Ulioilalia Nyumba ya Mama

Harufu ya oili chafu inanitia kichefuchefu mpaka leo. Nikikaribia gereji za hapa mjini Sumbawanga navuka barabara, na wanaonijua wanadhani najidai. Sijidai. Oili ile ndiyo fundi aliyoimiminia chenso yake, ule msumeno wa injini, siku alipokuja kijijini kwetu Kasense kukata mkaratusi wa mama. Alipomaliza kumimina alifuta mikono kwenye kanga ya mama iliyoanikwa kambani. Nilimwonea kinyaa tangu hapo.

Mkaratusi ule baba aliupanda mwenyewe mashariki ya nyumba, ukinge upepo. Kwetu Ufipa upepo wa kiangazi unatoka upande huo na hauchoki, kwa hiyo mti ulikua umeinama kuelekea magharibi, matawi mazito yote yako juu ya paa la mama. Mwaka huo mawili yalikuwa yameshadondokea bati. Kaka yangu, mkubwa wetu, akaja na wimbo wake wa siku zote, kwamba mama ahamie mjini. Mama akamjibu kuwa ataondoka kwenye nyumba ile akiwa amebebwa, na kama shida ni mti, basi mti ukatwe. Tukakubaliana hivyo. Mti uondoke, mama abaki.

Mama alijua miti kuliko sisi sote. Marehemu baba alikuwa mpasua mbao upande wa Kaengesa, na mama alishika ncha ya pili ya msumeno wake miaka mingi. Wiki nzima alitueleza, kwa Kifipa na kwa Kiswahili, mti ule unavyotakiwa kulazwa kaskazini, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Kwanza unakata mdomo upande wa kaskazini, pengo lenye kina cha robo ya shina. Kisha unakwenda nyuma, unakata juu kidogo ya usawa wa mdomo, lakini hufiki mwisho. Katikati unaacha utepe wa mti usiokatwa, unene wa vidole vitatu, ufanye kazi ya bawaba ya mlango. Upande wa mashariki utepe uwe mnene zaidi, ili uushike mti usikimbilie magharibi unakoinamia. Nyuma unagongea kabari. Na kazi ifanyike asubuhi na mapema, kwa sababu ikifika saa nne upepo umeamka.

Fundi alifika saa sita. Kaka ndiye aliyemleta, anamwita mshikaji wangu, na wote wawili walinuka pombe ya jana. Kabari hakuwa nayo. Kamba aliyokuja nayo ilikuwa ya kufungia mbuzi. Alimwamkia mama shikamoo huku anatema mate karibu na miguu yake.

"Marahaba," mama akaitikia. "Mwanangu, upepo umeshaamka. Lala hapa, kesho alfajiri utaukata."

"Bi mkubwa, hizo ni habari za shoka," fundi akasema. "Chenso haiogopi upepo."

Kaka akacheka. Mama akanitazama mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Siku ile nilikuwa nimeacha mezani sare za shule ambazo wazazi wangekuja kuzichukua kesho yake, na kichwani hakukuwa na kingine. Nikasema, "Mama, waache mafundi wafanye kazi yao." Nilisema kwa sauti ile tunayotumia kwa watoto wanaosumbua wageni.

Mama aliingia ndani akatoka na sufuria zake, akaziweka mbali chini ya mti wa mapera. Akarudi, akatoka na kiroba cha mbegu ya ulezi. Akarudi tena, akatoka anaburuta godoro. Kaka akatoa simu akaanza kumrekodi, anacheka mpaka anakohoa, na fundi anamuuliza kama anahamia kijiji cha Milepa. Nilipaswa kuipiga ile simu idondoke. Badala yake niliona aibu, na aibu yenyewe nikaielekeza kwa mama. Nikamfuata, nikamwambia, "Unatuaibisha," nikamnyang'anya godoro. Nikalirudisha ndani kwa mikono yangu mwenyewe, nikalitandika, nikavuta na shuka likanyooka.

Nilipotoka, chenso ilikuwa inanguruma. Mdomo aliokata fundi ulikuwa mkwaruzo tu. Kisha akaenda nyuma akazamisha ule msumeno moja kwa moja, anajisifu kwa macho. Mama alipiga kelele kutoka chini ya mpera, "Acha! Acha hapo! Bakiza!" Fundi hakusikia, na hata angesikia asingebakiza. Alikata utepe wote mpaka ng'ambo. Mti ukasimama kidogo juu ya kisiki chake kana kwamba unafikiri. Upepo ukaja. Mti ukazunguka, ukaiacha kaskazini, ukaenda magharibi.

Ulianguka juu ya chumba cha kulala. Bati lilikunjika, ukuta wa tofali mbichi ukamwagika, na vumbi lilipotulia tawi lilikuwa limelala kitandani, juu ya shuka nililolinyoosha. Fundi alisema, "Huu mti ulikuwa na lake jambo." Nasema kweli, nilitamani kumtapikia. Akafunga chenso yake kwenye pikipiki na kuondoka. Kaka alikuwa bado ameshika simu. Jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshaiona ile video, na walikuwa wanacheka pale mama anapoburuta godoro.

Siwezi kumchukia fundi peke yake, ingawa ningependa. Yeye hakumjua mama. Mimi nilimjua, na nilimwamini mlevi kwa sababu alikuja na mashine.

Kaka anasema tutajenga tukishavuna. Msimu uliopita alisema hivyo hivyo, na huu ameshalima mahindi mpaka kwenye msingi wa nyumba. Mama anakaa kwangu, chumba cha nyuma. Hajawahi kunilaumu, na afadhali angenilaumu. Anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni. Ananiuliza kama anaweza kufungua dirisha, kama maji haya ya ndoo ni ya kutumia au yana kazi.

Juzi alikuja mteja mgeni, akamkuta mama amekaa mlangoni anapepeta ulezi. Akamuuliza kama yeye ndiye mwenye nyumba.

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Mwenye nyumba yuko ndani. Mimi nimefikia tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, hatua tano kutoka pale. Sikutoka.