Barua ya Keziah Siku ya Taji

Keziah Thurlow alikuwa dobi wa Bermondsey, upande wa kusini wa mto Thames. Alikuwa mjane, na duniani alibakiwa na binti mmoja tu, Dorcas. Machi ya mwaka 1838 Dorcas alikamatwa na shali ya bibi aliyekuwa akimtumikia. Alijitetea kwamba aliiazima aende nayo kanisani, lakini hakimu hakuwa na sikio la hayo. Akampa miaka saba ya uhamishoni, Australia. Msichana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa, sawasawa na malkia aliyekuwa akingoja kuvikwa taji.

Umri huo ndio uliompa Keziah matumaini. Sokoni walikuwa wakinong'ona kwamba siku ya kutawazwa wafungwa husamehewa. Akamwendea Bwana Pettifer, mwalimu mzee aliyefukuzwa kazi kwa ulevi, amwandikie barua.

"Niandike nini?"

"Andika kwamba ni rika moja. Andika kwamba na huyu ana mama."

"Malkia hasomi barua za madobi, Bi Keziah."

"Wewe andika. Kusoma mwachie mwenyewe."

Jumapili kabla ya sherehe alikwenda Woolwich, ilikotia nanga meli ya wafungwa wanawake. Dorcas alikuwa amekonda, nywele zimekatwa fupi.

"Mama, njoo Alhamisi," alisema. "Wanasema tutaondoka wakati wowote."

"Alhamisi ndiyo siku ya taji. Nikija huku, nani atakwenda kwa malkia?"

"Mwache malkia. Nakutaka wewe."

"Nyamaza, mwanangu. Alhamisi hiyohiyo utalala nyumbani."

Alhamisi mizinga ilipolia alfajiri, Keziah alikuwa ameshavuka daraja, barua kifuani. Mvua ilinyesha, ikaacha. Watu walijaa hadi juu ya mapaa. Alijipenyeza kwa viwiko mpaka akakwama kwa mwanamume mnene aliyekuwa akila mkate wa nyama.

"Mama, ukinisukuma tena itabidi tuoane," yule bwana akasema, na watu wakacheka.

"Nipishe, baba. Nina ujumbe wa malkia."

"Na mimi ananingoja kwa chai. Haya, pita."

Akafika mbele. Magari yalipita moja baada ya jingine, mabalozi, mabwana, farasi, mpaka likaja gari kubwa la dhahabu. Ndani yake Keziah aliona uso mdogo, mweupe, wa kitoto hasa. Akainama chini ya mkono wa askari, akakimbia hatua tatu, barua imeinuliwa juu. Askari akamdaka kiunoni. Umati ulikuwa ukishangilia kiasi kwamba hata Keziah mwenyewe hakusikia alichokuwa akikisema kwa kelele. Barua ikamtoka mkononi, na kwato za farasi waliofuata zikaikanyagia matopeni.

"Nenda nyumbani, mama," askari alimwambia, wala hakuwa mkali. "Barabarani hapapokelewi barua."

Hakwenda nyumbani. Alishika njia ya Woolwich kwa miguu, akipishana na watu waliovaa utepe na wasichana waliokuwa wakicheza. Alifika jua likielekea kuzama. Pale ilipokuwa meli palikuwa na maji matupu. Mpiga makasia mmoja mzee alikuwa akifunga mashua yake.

"Iko wapi meli ya wanawake?"

"Imeondoka na maji ya adhuhuri. Ulikuwa na mtu?"

"Binti yangu."

Yule mzee aliiacha kamba ya mashua. "Nilikuwa nikiwapelekea mboga. Alikuwapo mmoja aliyekataa kushuka chini na wenzake. Aling'ang'ania pale ukingoni mwa meli, akisema mamake yu njiani. Mabaharia wawili ndio waliombandua."

"Ana nywele za rangi gani?"

"Wote wamenyolewa, dada yangu."

Keziah hakulia. Alikaa juu ya gogo lililolowa, macho mtoni. Yule mzee alimpa maji, akayashika tu bila kunywa.

Bermondsey waliandaa meza barabarani, wakala nyama siku mbili. Keziah hakutoka. Mashuka ya wateja yalilala kwenye pipa mpaka maji yakanuka. Siku ya nne mwanamke mmoja alikuja kudai yake, akabisha hodi kwa hasira, maneno tele mdomoni. Keziah alimfungulia mlango, akarudi kukaa, akamwacha ajichukulie.