Baba Mkwe Upande wa Pili wa Ukuta

Jiko langu limeinama tangu niolewe. Kila anayepita anasema, mama, hili jiko litakuangukia, nami hujibu kwamba likianguka nitapikia nje. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanidhania kuwa mchapakazi wa kuzaliwa. Asubuhi za kijijini kwetu Kisiba zina ukungu na baridi, blanketi ni tamu, na kwa faida yangu mwenyewe sijawahi kuona sababu ya kugombana nalo. Ndiyo maana wanaonifahamu walishangaa mwaka ule nilipokuwa wa kwanza kufika kwenye msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji, kanga kiunoni, kata kichwani, nasubiri tofali.

Tulikuwa tunajenga chumba cha kujifungulia. Zahanati yetu ilikuwa na mkunga, tena mkunga mzuri, ila hakuwa na mahali pa kumlaza mzazi. Uchungu ukianza unapakiwa kwenye bodaboda, unateremshwa hadi Tukuyu kwa njia ya udongo, na mvua za huku kwetu hazijui likizo. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyeolewa kijiji hiki hiki, alipita njia hiyo na mimba yake ya kwanza. Pikipiki iliteleza kwenye kona ya mashamba ya chai. Yeye alipona, mtoto hakupona. Mimi nilikuwa nawafuata kwa pikipiki ya nyuma, na kanga aliyofunikwa yule mtoto ilikuwa yangu.

Miaka ikapita, akashika mimba tena, akaja kuniambia mimi kabla ya mama yake. Hakuomba kitu. Aliuliza tu kama ile kona imeshatengenezwa. Nilimwambia bado, na usiku ule sikuona utamu wowote wa blanketi.

Halmashauri ilikuwa imetuahidi: sisi tuinue boma hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kwa nguvu zetu, wao walete bati na kuezeka. Ila boma lifike lenta kabla ya mvua kubwa, la sivyo bati zitapelekwa kijiji kingine. Basi nikawa naamka.

Shida ilianzia kwa mafundi. Vijana wenye mwiko na pima maji walikuwa wamekwenda Mbeya kutafuta kazi za kulipwa. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kumwangukia baba mkwe wangu, fundi mstaafu, mzee ambaye kona zake hazijawahi kupinda. Mzee akakubali. Mimi sikuwa na habari.

Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Hakuna ugomvi hapo wala chuki, ni heshima. Mjini, kule Bagamoyo na Msasani, siku hizi mkamwana anapanda bajaji moja na mkwewe na wanachekeshana njia nzima. Baba mkwe wangu si mtu wa mjini. Miaka yote ile nilikuwa naijua kofia yake na kikohozi chake, basi.

Sasa, mwenye tofali kichwani hageuzi shingo ovyo. Nilifuata mstari wa wanawake, nikafika kwenye msingi, nikainama kutua mzigo, nikaona viatu. Nikainua macho. Ana ndevu nyeupe, na macho yake ndiyo ya mume wangu, yale yale. Mzee alidondosha mwiko, akageukia msingi. Mimi mbio hadi nyuma ya rundo la tofali, na huko nikawakuta wenzangu wameshajibanza, kila mmoja akimkimbia mkwe wake, maana wazee hao nao walikuwa wamekuja kukoroga udongo. Tuliona aibu, na tulicheka mpaka tukazibana midomo.

"Jamani, hapa ni kazini, siyo ukweni!" mwenyekiti alipiga kelele. Hakuna aliyesogea. Kazi ikafa siku ile.

Jioni mama mkwe alikuja kwenye jiko langu lililoinama, akakaa, akanyoosha miguu. "Kaa nyumbani, mwanangu. Tofali watabeba wengine. Umemwaibisha baba."

Ruhusa ya kulala! Siku nyingine ningemkumbatia. Badala yake nikasikia nimeshasema, "Mama, binti yako atajifungulia wapi?"

Alichokoa moto bila kunitazama. Kisha akasema, "Basi mjifiche, lakini mjifiche mkifanya kazi."

Kesho yake nilibeba turubai langu la kuanikia maharage. Wenzangu wakaja na ya kwao. Tukasimamisha mianzi, tukayatundika kuuzunguka msingi, wanaume ndani, wanawake nje, na tofali tukawa tunazipitisha chini ya pindo. Mzee hakuweza kusema nami, wala mimi naye. Akaamua kusema na ukuta wetu wa turubai.

"Ukuta, leta tofali. Hili limepasuka, leta lingine."

Nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa inaninyeshea, na mdomo wangu haujawahi kuwa na adabu ya kutosha. "Ukuta, mwambie fundi tofali za leo ndizo hizo hizo. Asichague, hayuko dukani."

Wenzangu wakanitolea macho. Kisha nikasikia mzee anacheka ndani, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu niolewe. "Ukuta huu una mdomo," akasema, na tofali lililopasuka likaenda kwenye ukuta.

Tangu siku ile tulijenga hivyo. Mikono yangu ilichanika, mgongo ukauma, na kuna asubuhi nilikaa kitandani nikimlaani kila aliyewahi kugundua tofali. Halafu namkumbuka wifi, ambaye kila mchana alituletea ndizi za maharage, na tumbo lake lilikuwa linapanda sambamba na ukuta wetu. Naamka. Ukuta ulipopita vichwa vyetu maturubai hayakuwa na kazi tena, ukuta wenyewe ukatuficha. Mvua kubwa ikatukuta tumeshamwaga zege la lenta na kulifunika kwa maturubai yale yale. Na lori la bati lilipopanda kilima likiunguruma nilijiona mkubwa kuliko mlima Rungwe. Sioni haya kusema hivyo.

Wifi alishikwa na uchungu mchana mmoja, rangi ya kuta bado inanuka, mvua inapiga bati hata ikambidi mkunga apaze sauti. Dirishani niliiona njia ya Tukuyu imegeuka mto wa tope. Sikumwonyesha. Nilimshika mkono hadi mtoto alipolia, na aliposikia kile kilio wifi naye akalia, akasema, "Analia, wifi, analia."

Mvua ilipopungua nikasikia kikohozi nje.

"Ukuta," sauti ikasema. "Ukuta, kuna habari?"

Nilisogea pembeni ya dirisha, nikaweka shavu kwenye plasta. "Ukuta, mwambie fundi ni msichana. Mwambie mama yake anakunywa uji."

Nikamsikia akikohoa tena. Kisha akasema, polepole, "Mwambie yule aliyeniletea tofali, ndaga fijo."

Hiyo ni asante sana, kwa Kinyakyusa, na mzee kama yule haitoi kwa kila mtu. Nikaupiga ukuta kwa kiganja. Upande wa pili, yeye naye akaupiga.