Dhiraa Kumi na Nane za Panipat

Habari ya kifo chake ilinifikia kwa simu, katika lile kundi la wenyeji wa Mji Mkongwe ambalo limeshawahi kumuua mtu mwenye afya yake na kumwombea rehema siku nzima, mpaka mwenyewe akaandika kuwa yupo na anakunywa chai. Kwa hiyo sikuamini. Niliandika kuuliza nani kaileta habari hii, kaipata kwa nani, na je, kamwona maiti kwa macho yake? Hakuna aliyenijibu. Nikavaa kanzu nikenda mwenyewe hadi Mchangani, nikaukuta mlango wa duka lake umefungwa saa nne ya asubuhi, jambo ambalo sikupata kuliona hata siku za masika. Hapo nikaamini, na hapo moyo ukaniuma. Wasomaji wa safu hii mnajua kuwa mimi si mwepesi wa kusifu wafu, na leo pia sikukaa kwa ajili hiyo. Nimekaa kuandika kwa sababu kuna jambo linasemwa mjini juu ya marehemu huyu, muuza vitambaa niliyemjua kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika wote wanaolisikia ni mimi tu ninayejua kuwa si kweli.

Nianze na tabia yangu, maana bila ya hiyo hamtaelewa lolote. Kabla ya kushika kalamu nilikuwa mkaguzi wa mizigo bandarini. Kazi ile ilinifundisha kuwa mzigo uliofungwa vizuri kuliko yote ndio wa kufunguliwa kwanza. Nimestaafu zamani, lakini mikono yangu haijastaafu. Hata nikiletewa sahani ya biriani harusini, naifukua kwanza kutazama nyama imewekwa upande gani. Marehemu alinijua hivyo, akanibatiza jina la Bwana Forodha. Yeye alikuwa Muislamu wa asili ya Kihindi, mrefu kupita kiasi, mchache wa maneno, na alisema babu yake alitoka Panipat. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Wahindi wetu wa Unguja ukiwauliza asili, wengi watakutajia Kachi au Gujarati, nchi zenye bandari na majahazi. Panipat iko bara kabisa, kaskazini ya Delhi. Mtu wa huko alifikaje hapa? Nilimwuliza mara nyingi, naye hakuchoka kunijibu jibu lile lile.

"Kaja kuuza nguo, Bwana Forodha. Wewe ulitaka aje kuuza nini?"

Kilichonitia shaka zaidi ni kipimo chake. Ubao wa mita aliupigilia misumari juu ya meza, lakini hakuutumia. Alipima kwa mkono, dhiraa kwa dhiraa, toka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na akifika mwisho husogeza vidole vinne mbele ndipo akakata. Vidole vinne hivyo hakuvitaja wala hakuviuza. Siku ya kwanza niliponunua kitambaa cha kanzu nilikwenda nacho nyumbani, nikakipima kwa futi ya fundi cherehani, nikakuta kimezidi. Nikanunua tena mwezi wa pili, kikazidi. Mara ya tatu nikamtuma mke wangu ili asijue kuwa ni mimi, na bado kikazidi vidole vinne. Mwengine angefurahi. Mimi nilikaa kibarazani nikijiuliza mtu huyu anaficha kitu gani hata anatuhonga watu wote wa mjini kwa vidole vinne vinne.

Siku moja nikiwa hapo dukani aliingia bwana mmoja mnunuzi wa vitu vya hoteli, ametoka Matemwe, anataka pazia za kufumwa kwa mkono. Alikuwa ameshazichagua, nzuri, zenye mistari ya samawati. Marehemu alichomoa uzi mmoja, akauwasha kiberiti, ukajikunja na kuyeyuka ukawa tone gumu jeusi. Kisha akachoma uzi wa kitambaa chengine, ukawaka kama karatasi na kuacha jivu. "Hiki cha mwisho ni pamba, kimefumwa na mtu," alisema. "Hicho ulichokichagua ni plastiki ya mashine. Ukikitaka ntakuuzia, lakini kwa jina lake." Yule bwana akacheka akasema wageni hawajui tofauti, mradi kikaratasi kiseme kazi ya mkono. Marehemu akazikunja pazia akazirudisha rafuni. Nami badala ya kumstahi nikawaza kwamba bila ya shaka amefanya vile kwa kuwa nimesimama pale.

Sasa nifike kwenye penyewe. Miaka michache iliyopita dada yangu alitakiwa kwenda India kupasuliwa moyo, na mimi ndiye niliyefuatana naye, pamoja na binti yake. Habari za namna hiyo hazilali Mji Mkongwe. Marehemu akatuma mtu kuniita dukani.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Nnasikia mnakwenda Delhi."

"Naam, inshaallah, Jumapili."

"Panipat si mbali na hapo. Kuna mfumaji nshamwagiza kitambaa, nshamlipa. Miye magoti haya hayawezi tena safari. Ukipata nafasi, nchukulie. Ni amana."

"Kitambaa gani?"

"Cheupe tu."

"Cha nini?"

Akaanza kukunja kanga iliyokwisha kukunjwa. "Ukirudi ntakwambia. Dada apone kwanza."

Nilitoka pale kichwa kinanizunguka. Duka lake lilikuwa limejaa majora ya bafta nyeupe hadi darini, na bado anamtuma mtu India kuchukua kitambaa cheupe! Na lile neno "tu" lilinikaa kooni. Katika miaka yangu yote bandarini, kila mwenye mzigo wa "nguo tu" au "dawa za mzee tu" ndiye aliyetutoa jasho.

Dada alipasuliwa, na madaktari waliposema amevuka, nilimwachia binti yake zamu nikashika basi. Nilitarajia mji wa ngome na malango. Nilichokiona ni vumbi, malori, na nyuzi za pamba zilizonasa kwenye nyaya za umeme na kuning'inia. Dereva wa bajaji aliisoma anwani niliyoandikiwa na marehemu kwa Kiurdu, akatikisa kichwa, kisha bila ya kuombwa akasimama mbele ya bustani. Nikajua ananizungusha nauli. Akanionesha jukwaa la matofali lenye kaburi juu yake, halina kuba wala pambo, akahesabu kwa vidole na kwa Kiingereza cha kuokoteza: vita vitatu vikubwa vilipiganwa kwenye uwanda huu, na kila kimoja kiliamua nani aitawale Hindustani. Huyu aliyelala hapa ni sultani aliyeuawa katika cha kwanza. Chini ya jukwaa wazee wawili walikuwa wakicheza karata. Niliwafikiria masultani wetu na makaburi yao, nikaona kuwa ufalme ukishapita, kivuli cha kuchezea karata ndicho kinachobaki na faida. Tulipofika, dereva hakuniongezea hata rupia moja, na hilo likanitia hofu zaidi.

Njiani tulipita viwanja vilivyojaa milima ya mitumba. Makoti, sweta, suruali za Ulaya, zimechambuliwa kwa rangi, mlima mwekundu, mlima wa samawati, na wanawake wamekaa kati yake wanang'oa vifungo na zipu. Nguo hizo huingizwa mashineni, zikatafunwa, zikarudi kuwa uzi, na uzi ukawa mablanketi. Yalikuwa makoti yale yale ninayoyaona sokoni Darajani. Nilisimama nikafikiri kwamba sisi Unguja tunavaa kilichoponyoka meno ya Panipat, na Panipat iliyowahi kuwafumia wakubwa wa dunia sasa inatafuna kilichovuliwa na wengine. Vitanda vya kufumia kwa mkono vimebaki vichache, vichochoroni, kwa wazee ambao watoto wao wamekwenda viwandani. Siwezi kuwalaumu watoto. Mashine inalipa kila wiki, na mnunuzi wa Matemwe ameshatwambia kuwa hajali.

Mfumaji wa marehemu alikuwa mzee wa mwili mkavu, ameketi ukingoni mwa shimo lililochimbwa sakafuni, miguu yake imo shimoni inakanyaga mbao za kitanda, mikono juu inarusha mshindio, uzi wa kukingama, katikati ya mtande, zile nyuzi zilizotandwa kwa urefu. Hatukuwa na lugha moja. Alinipa chai, akatoa kitambaa, akatoa na ufito. Kwa ishara akanifahamisha kuwa ufito ule umekatwa sawasawa na mkono wa marehemu, alipofika pale mwenyewe zamani, magoti yakiwa bado mazima. Akapima, na kila dhiraa akaninyooshea kidole nihesabu naye. Tulihesabu mpaka kumi na nane. Kisha akaukunja ule mwisho mara kadhaa, akaushona kwa mishono mikubwa ya haraka, akakifunga kitambaa ndani ya gunia na gunia nalo akalishona. Ule mwisho uliokunjwa ukawa mnene kama mkate wa kumimina, na macho yangu hayakubanduka hapo.

Nilimhadithia dada wodini, nikamwambia ndani ya ule mkunjo kuna kitu. Alikuwa bado dhaifu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. "Wewe hata malaika Munkar na Nakir wakikujia kaburini utawataka vitambulisho," alisema. "Ni amana ya watu. Iwache."

Sikuiwacha. Alasiri ile, kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, nililifumua gunia. Nikachomoa uzi nikauchoma kama nilivyomwona yeye akifanya, ukawaka na kuacha jivu. Pamba safi. Hapo mtu mwenye akili angeshona gunia lake akalala. Mimi nilichukua mkasi wa dada, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikufumua mishono, nilikata. Niliukata ule mkunjo wote, shibiri nzima ya kitambaa, nikauchana vipande vipande. Ndani yake mlikuwa na ncha za uzi wa mtande, mzee wa watu kazifunga mafundo zisifumuke njiani. Basi. Vipande nikavitupa kwenye pipa la taka, gunia nikalishona tena. Mtaniuliza, Muislamu mzima anapewa kitambaa cheupe cha dhiraa kumi na nane na hajui ni cha nini? Kweli, hakunijia hata mara moja. Nilikuwa nimeshughulika mno na kilichofichwa.

Tuliporudi nilimpelekea mzigo wake siku ya pili. Alilifungua gunia mbele yangu, akakivuta kitambaa na kuanza kupima, midomo inacheza. Alipofika mwisho vidole vyake vilisimama penye ule mkato wa mkasi. Akakikunja polepole.

"Kimetimia," alisema. "Ahsante sana, Bwana Forodha. Ni sanda yangu hii. Sikuweza kulitaja neno hilo mbele yako na dada yako anakwenda kupasuliwa. Ungesafiri nalo kichwani."

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu kusema, na sikusema. Nitawaeleza kwa nini, ingawa naona haya. Nilidhani ananitega. Bandarini ndivyo tulivyofanya: ukishaujua uongo wa mtu, humwambii, unamwacha aongee mpaka ajifunge mwenyewe. Nikamngojea aniambie. Kila nilipopita dukani nilimtazama usoni, na kila aliposema jambo la kawaida, kuhusu mvua au bei ya kanga, nililipekua kutafuta sindano ndani yake. Alinipimia kitambaa cha Idi mbili baada ya hapo, na vidole vinne havikupungua. Mtu alinisamehe waziwazi kila nilipokwenda, nami nikachukulia kuwa ananiweka akiba.

Siku ya maziko nilikaa kibarazani pamoja na wengine. Mwosha alitoka ndani akamwita mtoto wa marehemu, mtu mzima anayelishika duka sasa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba vipande viwili vya sanda vimetosha lakini cha tatu hakifiki kufungwa miguuni. Mtoto hakushituka. "Kuna shibiri ya bafta ya dukani imo ndani ya mkunjo wa sanda, kaikata mwenyewe ya kuungia," alijibu. "Babaangu alisema alikosea kipimo alipoagiza."

Tulimzika Mwanakwerekwe, na kabla ya hitima hadithi ilikuwa imeshafika mtaa wa Malindi. Watu wanaisema kwa mapenzi, siwalaumu: mzee wetu na mkono wake wote ule, kaja kukosea sanda yake mwenyewe! Lakini wiki iliyopita nilisimama dukani nikamsikia mteja, mwanamke wa Chwaka aliyekuwa akinunua hapo tangu msichana, akimwambia yule mtoto aache mkono atumie mita, "maana hata babaako kumbe alikuwa akikosea." Naye akautumia ubao. Mtu aliyeishi kwa kipimo chake amekufa akakiharibia jina ili mimi nisiharibikiwe langu, na duka lake ndilo linalolipa.

Niliungoja mlango utulie na wateja nikamweleza mtoto yote. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Na kile kipande kiko wapi?"

"Nlikitupa. Delhi, kwenye pipa la taka."

Ningependa kusema kuwa alinisamehe, lakini sikuliona hilo usoni mwake na safari hii sitaki kubuni. Mwisho akasema, "Basi andika. Gazeti lako wanalisoma. Andika ilikuwa dhiraa ngapi."

Kazi ya kutoamini ina mshahara na marupurupu, na mimi nilivila mpaka nikastaafu. Hakuna aliyenifundisha kuwa saa ya kutoka kazini mtu huiacha hapo hapo mlangoni, asiende nayo kwa jirani wala kwenye kitanda cha mgonjwa. Miaka ishirini nilimvizia marehemu nimkamate na uongo. Nimemkamata nao mmoja, na aliusema kwa ajili yangu. Kwa hiyo wenzangu wa Mchangani, Malindi na Chwaka, msiseme tena kuwa alikosea. Zilikuwa dhiraa kumi na nane kamili. Nilizihesabu mimi mwenyewe.