Boriti ya Kimandolu na Mawe Mawili ya Askari

Niliondoka nyumbani kwa ajili ya mti. Kanisa jipya la Kimandolu lilikosa boriti ya kuvuka paa, na baba yake Naomi, mchumba wangu, alikuwa amesema harusi ya kwanza humo itakuwa yetu. Lakini paa lisipokuwa juu kufikia Jumamosi, tungoje mpaka masika yaishe. Boriti ilipatikana kwetu mlimani. Mnavyojua nilivyo mzito wa kusema, nilitumwa kuisindikiza kwa kuwa mti hauhitaji mazungumzo.

Asubuhi tuliifunga juu ya tela refu, nyuma ya lori la binamu yangu Eliya. Fundi wa kanisa alituonya tusikate hata kipande.

Tulipofika Maji ya Chai, akina mama wa sokoni walisimama kutuangalia.

"Dereva," mmoja akapaza sauti, "mkia wenu umeshatoka mlimani?"

Niliinama kama niliyepoteza kitu miguuni.

Tengeru tulisimamishwa. Kando ya barabara palikuwa na mawe mawili yaliyopakwa chokaa, na askari alikuwa amekalia moja. Lori na tela lake, pamoja na mzigo, vilitakiwa vienee katikati ya mawe hayo. Pua ya lori ilipofika jiwe la kwanza, boriti ilikuwa imelipita la pili na bado inaendelea.

"Kateni, au rudini," alisema askari.

"Afande," Eliya akambembeleza, "hapo ulipokaa pana jua. Si uhamishie jiwe lako kivulini?"

"Kivuli kiko mbali."

"Ndiyo maana nasema."

Askari hakucheka. Eliya alianza kutafuta msumeno.

Adhuhuri alipita mzee mmoja wa Nduruma, Mzee Loishiye, akiswaga maksai wake wa kulimia. Nikaona Jumamosi yangu ikikatwa pamoja na boriti, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Afande, mawe yako yanapima na ng'ombe?"

"Yanapima lori na tela lake. Ng'ombe hana injini."

Nikamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee. Naomba maksai wako wanioze."

"Marahaba. Kulima wamezoea. Kuoza ndiyo mara ya kwanza."

Tulilifungua tela, Eliya akatangulia na lori, na maksai wakafungwa mbele ya tela wawili wawili. Sasa tulikuwa warefu kuliko mwanzo. Askari alitembea kutoka pembe za maksai wa mbele hadi ncha ya boriti, akarudi kukaa juu ya jiwe lake, akatupungia tupite.

Jioni tuliingia Kimandolu kwa vigelegele. Baba mkwe aliwapita watu wote, akampapasa maksai wa kwanza nundu.

"Mwanangu! Kumbe umeleta na nyongeza ya mahari? Fungueni zizi!"

Mzee Loishiye alinitazama kwa raha, akisubiri nijibu mwenyewe.

"Baba, hao wamekuja kuvuta tu," nikasema. "Zawadi ni hiyo ya nyuma."

Aliifuata boriti taratibu hadi mwisho wake. "Ni ndefu kuliko ulimi wako," akasema, na zizi likafungwa.

Jumamosi tulifunga ndoa chini ya boriti hiyo.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujashika msumeno, uliza sheria inamtaja nani. Wakati wa kurudi, Naomi alikaa kati yangu na Eliya. Pale Tengeru, askari yule alichungulia nyuma, halafu mbele.

"Nyuma mmepungua," alisema, "mbele mmeongezeka. Piteni."